Jasho la Kioo

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko dukani, na ninyi mliokaa kwenye benchi mkisubiri dawa, karibuni tukae pamoja. Mwenye cherehani aisimamishe kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye sura aliyoitengeneza mliipigia makofi, ila yeye mwenyewe wengi wenu hamkupata kumwona.

Mama Nta amefariki dunia. Amefariki Jumanne asubuhi, kitandani kwake, binti yake akiwa amekaa kwenye kiti pembeni. Alikuwa na miaka themanini na mitatu. Kazi yake ilikuwa kuchonga nta, ile nta ambayo mafundi huitumia kutengenezea sanamu za shaba. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi. Mama Nta, mchongaji wa sanamu ya kwanza ya taifa letu, amefariki dunia.

Najua wapo watakaouliza, mtu wa nta ndiye wa kupewa kipindi kizima? Wako majenerali wanangoja. Basi wangoje. Taifa letu lilizaliwa kwa vita, kama mataifa mengi, na vitabu vya shule vimeshatueleza nani alishinda na nani alikimbia. Kipindi hiki kinataka kueleza ushindi ule uliingia vipi kwenye nyumba moja ya vyumba viwili, na ulipotoka ulitoka na nani.

Alizaliwa kwenye mtaa wa mafundi wa vyuma. Mama yake aliuza mishumaa. Binti alikuwa hajafika umri wa kwenda shule, lakini tayari alikuwa anaokota mabaki ya nta na kufinyanga watu. Siku moja akamfinyanga mwenye nyumba wao, na kitambi chake chote, na mdomo wazi kama anayedai kodi. Akala makofi ya mama yake. Mwenye nyumba alipokiona kile kisanamu akakigeuzageuza, akacheka, akaomba apewe. Kodi aliidai vilevile.

Kisha mama yao akafa. Akaacha binti na mtoto wa kiume ambaye hata kutembea alikuwa hajatembea vizuri. Nani amlee? Dada yake akamlea. Alichonga nta mtoto yuko mgongoni, akapika mtoto yuko mgongoni, akalala mtoto yuko kifuani. Wasikilizaji wapendwa, lishikeni hili maana ndilo shina la habari yote. Yule mdogo wake alikuwa ndugu kwa kuzaliwa, lakini kwa kulea alikuwa mwanawe.

Wakati huo nchi ilikuwa ya wavamizi. Waliiteka zamani kwa mizinga, na pale kwenye mzunguko wa barabara kuu walisimamisha sanamu ya jemadari wao akiwa juu ya farasi. Farasi wa shaba, mguu mmoja hewani. Watu walipita chini ya mguu ule wakienda kazini, wakapita wakirudi. Waliozaliwa baadaye walidhani farasi amekuwepo tangu dunia iumbwe.

Binti alikua, akaolewa na msubi. Msubi ni fundi wa kuyeyusha shaba na kuimimina kwenye kalibu, yaani lile umbo la udongo linalopokea shaba. Tumwite Fundi, kama mtaa wote ulivyomwita. Mwanamume mfupi, mabega mapana, asiye na nyusi kwa sababu ya moto wa tanuri. Mzee Koleo, aliyekuwa mshirika wake wa kazi na ambaye bado yuko hai, alituambia hivi: "Fundi alimposa kwa kazi. Alimpelekea kalibu iliyopasuka akamuuliza, dada, kosa liko wapi? Dada akaangalia, akamwambia, kosa ni wewe, una haraka. Fundi akarudi akaniambia, Koleo, nimepata mke."

Tangu siku hiyo Fundi hakuwa na haraka tena. Haraka haraka haina baraka ndiyo ilikuwa sala yake, kila asubuhi, mpaka wenzake wakamchoka.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa ufupi. Kwa kila sanamu, Mama Nta alianza na mfano mzima wa plasta, urefu uleule, sura ileile. Kutoka kwenye mfano akatengeneza umbo la nta. Nta ikafunikwa kwa udongo. Udongo ukawekewa moto, nta ikayeyuka ikatoka yote, pakabaki uwazi mle ndani. Uwazi ule ndio unaomiminiwa shaba. Lakini udongo lazima uwe mkavu. Mkavu kabisa. Ukiwa na maji, shaba ya moto ikifika, maji yanageuka mvuke mara moja, na mvuke ukikosa pa kutokea unapasua kila kitu. Udongo mbichi unaua. Hilo kila mtu wa karakana analijua.

Kwa hiyo walikuwa na desturi. Kabla ya kumimina, kioo kidogo cha kujitazamia kinashikwa juu ya mdomo wa kalibu. Kioo kikitoa jasho, ndani kuna maji bado, subirini. Kioo kikibaki kikavu, miminini. Na mwenye kushika kioo ni mmoja tu, yule aliyechonga nta, maana yeye ndiye aijuaye njia ya kila tundu mle ndani. Fundi yuko kwenye tanuri, macho kwenye shaba, hawezi kuwa sehemu mbili. Anauliza kwa sauti, "Kioo kinasemaje?" Mwenye nta anajibu. Akishajibu, hakuna wa kuuliza tena. Kuuliza mara ya pili ni kumtukana.

Vita vikaja. Tunavijua, tunaviimba kila mwaka. Mdogo wake Mama Nta aliingia msituni akiwa kijana, na miaka ilipopita akawa kamanda. Yeye ndiye aliyelishika daraja kubwa la mto wakati jeshi la wavamizi lilipotaka kuvuka kurudi mjini. Alilishika mpaka wakakata tamaa wakaondoka nchini. Watu wakampa jina, Daraja. Kwenye mkutano wa kwanza wa ushindi, kiongozi wa mapinduzi, ambaye sote tulimwita Mkuu, alikuwa bado anahutubia, uwanja ukaanza kuimba Daraja, Daraja, Daraja. Mkuu akatabasamu. Akasubiri wamalize. Wiki iliyofuata Daraja alikuwa gerezani, na kosa lake halikutajwa.

Hivi ndivyo mataifa mengi yanavyoanza, wasikilizaji wapendwa. Mnamfukuza mwenye farasi, halafu mnatazamana nani apande.

Ndipo ikaja amri ya sanamu. Siku ya Taifa ya kwanza ilikuwa inakaribia, na Mkuu lazima asimame pale aliposimama jemadari wa wavamizi, kwa shaba ileile. Farasi akakatwakatwa. Fundi alikuwa anakata mguu huku anacheka, akasema, "Huyu amekula nyasi zetu miaka yote. Leo na sisi tumle." Shaba haikutosha. Askari wakapita nyumba hadi nyumba kukusanya vyombo vya shaba. Mchango wa hiari, walisema, na aliyekataa hiari alipigwa.

Msimamizi wa sherehe alikuwa mtu mmoja mwembamba, nadhifu, sauti ya chini. Mtaani walimpa jina la Bwana Sherehe, ingawa hakuwahi kuonekana akicheka. Alikuja karakana na picha za Mkuu kwenye bahasha.

"Mama, kidevu hiki ni kidogo," akasema akiutazama mfano wa plasta.

"Ndicho alichonacho, bwana."

"Kiongeze."

Akakiongeza. Wiki iliyofuata akaja tena, akataka kiongezwe tena. Hebu fikirini. Mwanamke amesimama na vidole vyake anamjazia kidevu mtu aliyemfunga mwanawe wa kulea. Akamaliza, akanawa mikono, akauliza.

"Bwana, na mdogo wangu?"

"Siku ya Taifa kuna msamaha kwa wafungwa," Bwana Sherehe akasema. "Sanamu ikisimama, na yeye atasimama. Isiposimama, mimi sijui."

Maneno hayo tu. Hayakuandikwa popote. Mama Nta aliyabeba nyumbani, akayalaza kifuani alipokuwa akimlaza yule mtoto.

Kalibu ikajengwa. Ikashushwa kwenye shimo ardhini, ikazungushiwa udongo wa kuishikilia, kama inavyofanywa kwa sanamu kubwa. Nta ikatolewa. Moto ukakausha. Kila kitu kilikuwa tayari, halafu mvua ikanyesha. Mvua ya siku mbili, isiyo ya majira. Maji yakapenya ardhini yakaingia shimoni. Fundi akawasha moto upya kuzunguka shimo, akasema, "Tusubiri. Mpaka ardhi yenyewe ikauke."

Bwana Sherehe akaja na gari la jeshi. Akaambiwa tusubiri. Akajibu kwa upole uleule, "Taifa lina siku yake ya kuzaliwa. Siku hiyo haisubiri udongo."

Fundi alikuwa mtu wa ubishi. Akamwambia shaba itayeyushwa, tanuri litakuwa tayari, lakini mwenye kusema ni kioo. Kioo kikisema hapana, hata Mkuu mwenyewe aje ashike chungu cha shaba, haimiminwi. Bwana Sherehe aligeuka akamtazama Mama Nta. Alimtazama tu, akarudi akakaa kwenye gari.

Ilikuwa mchana, jua limetoka, kila kitu kinafuka mvuke baada ya mvua. Shaba ikaiva. Fundi na Mzee Koleo wakashika mikono ya chungu, huyu upande huu, yule upande ule. Mama Nta akapiga magoti kwenye mdomo wa kalibu, akakishika kioo juu ya tundu.

Kioo kikatoa jasho.

Halikuwa jingi. Ukungu mwembamba pembeni, kama pumzi ya mtoto aliyelala. Alikuwa ameshaona kalibu zenye jasho dogo zikapokea shaba bila neno. Alikuwa ameona na nyingine. Akafikiria gereza. Akafikiria mgongo wake ulivyokuwa mzito, zamani, na joto la yule mtoto. Akachukua upindo wa nguo yake akakifuta kioo. Akakigeuza upande mkavu.

"Kioo kinasemaje?" Fundi akauliza.

"Kikavu."

Mzee Koleo alimwona akikifuta. Alituambia mwenyewe, na jicho moja lililobaki likituangalia: "Nilimwona. Nikasema moyoni, anakisafisha aone vizuri, huyu anajua kazi yake. Na desturi ni desturi. Akishasema, huulizi."

Hawakuuliza. Wakamimina.

Sitaeleza yote. Kuna watoto wanasikiliza. Shaba iliingia, na muda wa kuvuta pumzi ukapita, halafu ardhi ikaruka. Shaba ikarudi juu ilikotoka. Mzee Koleo akapoteza jicho na mkono wa kushoto. Fundi alikuwa ameinama juu ya mdomo wa kalibu. Mama Nta alikuwa ameshasogea hatua chache, kama mshika kioo anavyotakiwa, na hakuungua hata unywele. Alipomfikia mumewe, Fundi alikuwa bado anaweza kusema. Akamuuliza, "Umeungua?"

Akamwambia hapana.

"Vizuri," Fundi akasema. Hakusema tena. Jua halikuzama yuko hai.

Na Bwana Sherehe? Alishuka garini akasimama ukingoni mwa shimo, leso puani. Akaangalia. Akauliza, "Ule mfano wa plasta uko wapi?"

Mfano ulikuwa kwenye kona ya karakana, umefunikwa gunia. Wakauchukua. Wakaupaka rangi ya shaba. Siku ya Taifa ukasimamishwa kwenye mzunguko wa barabara, pazia likavutwa, na nchi nzima ikapiga makofi. Kidevu kiling'aa. Hakuna aliyejua, na aliyejua hakusema. Narudia, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu ni jambo gumu kulimeza. Sanamu haikuhitaji kumiminwa. Plasta ilitosha.

Siku hiyo Mama Nta alikuwa nyumbani, amekaa chini na waombolezaji. Redio ilikuwa dirishani kwa jirani, ikitangaza sherehe. Akasikia jina la mdogo wake. Mkuu alikuwa anamtambulisha kwa wananchi. Daraja alikuwa jukwaani. Alikuwa amesimama mkono wa kulia wa Mkuu, amevaa suti, na alipewa dakika chache asalimie.

Siku ya tatu akaja msibani na gari jeusi. Akamkumbatia dada yake, akamlilia shemeji yake kwa machozi ya kweli, maana alimpenda. Wakakaa wawili chumbani.

"Walikutoa lini?" dada akauliza.

"Asubuhi ya sherehe."

"Bwana Sherehe alitimiza, basi."

"Bwana Sherehe nani? Yule wa mapazia?" Daraja akacheka kidogo, kicheko cha uchovu. "Dada, mambo yangu yalikwisha mwezi mzima kabla. Mkuu alikuja mwenyewe gerezani, tukala pamoja, tukapatana. Nikae kimya juu ya daraja, niwe mtu wake wa pili. Tulikuwa tunangoja siku nzuri ya kunionyesha. Hujui siasa wewe."

Tumezoea kusema fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Hapa fahali hawakuwa wanapigana. Walishapatana, wameshakula, wameshashiba. Na nyasi ziliumia vilevile.

Mama Nta hakumwambia kuhusu kioo. Alimwangalia tu, mtoto aliyembeba mgongoni, akaona kwamba ananenepa.

Tume ikaundwa, maana mtu amekufa na shaba ya umma imepotea. Mwenyekiti wa tume alikuwa mtu wa pili wa taifa, Daraja mwenyewe. Hakuna aliyemhoji mshika kioo. Majibu yakasomwa hapa, kituo hiki hiki, asubuhi, mchana na jioni, wiki nzima: ajali ilisababishwa na uzembe wa fundi. Mama Nta akamfuata mdogo wake ofisini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia jengo lenye zulia.

"Mume wangu hakuwa mzembe."

"Najua, dada."

"Sasa kwa nini?"

"Lazima awe mtu. Kama si fundi, ni serikali iliyoharakisha. Serikali haina hata mwaka, dada, bado inanyonya. Na aliyekufa hafungwi."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, walikuwa wawili, ndugu wa tumbo moja. Angesema, nilikifuta mimi, nilikifuta kwa ajili yako. Alifungua mdomo. Akasema, "Na mtoto wangu atasoma wapi?" Daraja akampa nyumba ndogo na shule ya mtoto. Akapokea. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ile ilitulia kimya miaka thelathini na moja.

Binti yake wakati huo alikuwa na miaka sita. Shuleni wakamwita Binti Mzembe. Mwalimu akivunja chaki, darasa zima linageuka kumtazama yeye. Anasimulia hivi: "Nilirudi nyumbani nikamuuliza mama, baba alikuwa mzembe? Mama akasema, kula. Nikala. Nikauliza tena kesho yake. Akasema, kula."

Alipomaliza shule alikataa kazi aliyotafutiwa na mjomba wake. Akaenda kwa Mzee Koleo, akamwambia nifundishe alichojua baba. Leo ana karakana yake. Anasubu vipuri vya pampu na magurudumu ya mashine, na hajawahi kupasua kalibu. Siku ya kwanza aliposhika kioo mwenyewe, mama yake alikuja kumtazama. Mzee Koleo anakumbuka kwamba mama aliondoka kabla ya shaba kuiva. Wakadhani ni uchungu wa mjane.

Mkuu akafa, akaja mwingine, akaja mwingine. Ile plasta pale barabarani pua yake ilidondoka kwa mvua, wakaiondoa, wakaweka maua. Daraja alibaki. Alikuwa mtu wa pili wa kila mtu. Picha yake ikaingia vitabuni, amesimama darajani na bunduki. Halafu na yeye akafa, akiwa mzee, kwa kisukari, akazikwa kwa heshima zote uwanja wa taifa. Dada yake akaitwa kwenye kipaza sauti kutoa neno la familia. Ajuza mwenye fimbo. Kituo hiki kilikuwa kinatangaza moja kwa moja.

Alianza vizuri. Akashukuru viongozi. Akasema jinsi alivyomlea marehemu. Kisha akasema, "Mume wangu mlimwita mzembe. Siku ile kioo kilikuwa na jasho."

Hapo kituo hiki kilikata matangazo. Nchi nzima ikasikia tarumbeta za bendi ya polisi. Lakini uwanjani kipaza sauti hakikuzimwa haraka, na waliokuwepo walisikia lililobaki: "Kioo kilikuwa na jasho. Nilikifuta mimi. Nilitaka huyu atoke gerezani."

Binti yake hakuwa uwanjani. Alikuwa karakana, redio juu ya rafu, mikono ina udongo. Alisikia nusu. Mtu wa kazi ile hahitaji zaidi ya nusu. Aliondoka bila kunawa, akamkuta mama yake nyumbani anavua viatu vya msibani.

"Malizia," akamwambia.

"Nimemaliza kule uwanjani."

"Mimi sikuwa uwanjani."

Mama akamalizia. Binti akasikiliza amesimama. Kisha akasema, "Miaka yote hii tumekula meza moja. Umewaambia watu elfu hamsini kabla yangu."

"Sikuweza kukuambia ukinitazama."

"Nyumba hii," binti akasema, "ni bei ya jina la baba. Na mimi nimelala humo."

Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku hiyo binti alimtunza mama yake kwa kila kitu. Alimlisha, alimwogesha, alimpeleka hospitali, miaka saba. Majirani wanashuhudia hakuna mzazi aliyetunzwa vizuri zaidi mtaani. Lakini hakumwita mama tena. Hata mara moja. Tulimuuliza kama siku ya mwisho ilikuwa tofauti. "Aliniomba. Alisema, niite kama zamani. Nikamwambia, pumzika, Mama Nta. Nikamwita kama anavyoitwa na kila mtu. Akapumzika."

Wasikilizaji wapendwa, mnaweza kumhukumu huyo binti. Mnaweza kumhukumu huyo mama. Sisi tuna swali jingine la kuwaachia. Kila taifa lina siku yake kubwa, na bendera, na jukwaa, na mtu mwenye sauti ya chini anayesema siku haisubiri. Watu wanaharakishwa. Wanadanganya kidogo kwa ajili ya wanaowapenda. Halafu walio juu wanapatana, na wa chini wanabaki na maiti na lawama, kila mtu peke yake nyumbani kwake. Tujiulize sherehe zetu zimesimama juu ya nini. Tujiulize bila kukimbilia jibu.

Tunatoa pole kwa Mzee Koleo, aliyepoteza jicho na mkono na hakulipwa hata pole. Tunatoa pole kwa majirani wa mtaa wa mafundi. Tunatoa pole kwa binti. Mungu amjalie marehemu anachostahili, na amjalie zaidi ya hapo.

Binti hakutaka tusome sifa za mama yake. Hakutaka muziki. Alikuja hapa kituoni na nguo za kazi, akakataa kiti, akasema kumbukumbu anayoitaka ni moja tu: kile mlichokisoma wiki nzima kuhusu baba yangu, kisomeni upya, sahihi, kwa sauti ileile. Tukamwambia, lakini huko ni kumsema vibaya marehemu mbele ya watu, siku ya kumbukumbu yake. Akasema, "Ndiyo."

Basi, tangazo. Ajali ya karakana ya shaba, mwaka wa kwanza wa taifa, haikusababishwa na uzembe wa fundi. Fundi aliuliza, akajibiwa na mke wake kwamba kalibu ni kavu, akamwamini. Narudia. Fundi hakuwa mzembe. Alimwamini mke wake.